Skrubu Mbili

Bunduki ya Mjomba iligoma jioni ileile tuliyoivisha kitako kipya, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumeshampata mkosaji: mzee fundi aliyekichonga. Hatukuhitaji ushahidi mwingi. Kabla ya kitako kipya bunduki ilifanya kazi, baada ya kitako kipya haikufanya. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi.

Mjomba anaongoza watalii wanaotembea kwa miguu porini, kusini mwa Morogoro. Wao wanabeba kamera, yeye anatangulia na bunduki ya kaliba .375, aina ya risasi iliyoanzia Uingereza mwaka 1912 na ambayo bado inaaminiwa na watu wanaoweza kukutana na nyati bila miadi. Hajawahi kulazimika kumpiga mnyama akiwa na wageni, na anaomba iendelee hivyo. Lakini kazi yake yote imesimama juu ya sharti moja: siku ikilazimu, bunduki isigome. Nyati aliyeamua kuja hasubiri mtu arekebishe kitu.

Kitako cha zamani kilipasuka shingoni, nyuma kidogo ya chuma, mahali ambapo teke la bunduki kubwa huishia. Mzee fundi alichonga kingine cha mninga, mbao ambayo maseremala huipenda kwa sababu ikishakauka haipindi ovyo. Mimi nilikuwa likizo, katikati ya mihula miwili ya shahada ya uzamili ya falsafa, na macho ya Mjomba ya karibu si yale ya zamani. Akaniambia nishike bisibisi. Bunduki ni yake na kibali ni chake, kwa hiyo hakuondoka mezani hata mara moja. Aliitoa risasi zote, akachungulia chemba, akanichungulisha na mimi, kisha akaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha. Ndipo tukaanza.

Nilifungua skrubu mbili zinazoshika chuma na mbao, ya mbele na ya nyuma, nikaziweka kwenye kikombe. Tukaitoa mbao iliyopasuka, tukaweka mpya, nikafunga. Mjomba akarudisha bolti mahali pake na kuisukuma mbele. Ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, pale inapotakiwa kuzungushwa ijifunge. Hapo ikakwama. Akavuta, akasukuma tena kwa nguvu. Ikakwama palepale. Zaidi ya hayo kitako kilikuwa kinacheza kidogo kwa nyuma, kama jino linalotaka kung'oka.

“Huyu mzee amechonga vibaya,” Mjomba alisema. Nikaitikia.

Hatukuwa watu wa kukurupuka. Tulifanya jaribio. Tulifungua skrubu, tukatoa chuma chote ndani ya mbao, tukajaribu bolti ikiwa peke yake. Iliteleza kama mafuta. Tukairudisha ndani ya mbao, ikakwama. Tukarudia mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa lilelile: chuma kizima, mbao mbovu. Nakumbuka nilivyojisikia. Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani kuhusu John Stuart Mill, ambaye mwaka 1843 aliandika juu ya njia za kutafuta visababishi. Mojawapo inasema hivi, kwa maneno yangu: ukiwa na hali mbili zinazolingana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na katika moja jambo linatokea na katika nyingine halitokei, basi hicho kimoja ndicho chanzo au sehemu ya chanzo. Nilimweleza Mjomba. Alifurahi kusikia kwamba hata Wazungu wa zamani walikuwa upande wetu.

Bunduki ikapelekwa kwa fundi, Mjomba akakaa naye siku mbili. Mzee hakubisha sana. Aliwasha kibatari, akapaka chuma masizi ya moshi, akakibonyeza ndani ya mbao na kukitoa. Palipobaki weusi ndipo mbao inapogusa. Hapo anakwangua kidogo kwa patasi, anapaka tena, anabonyeza tena. Kila walipofunga, skrubu zilirudishwa kwenye matundu zilimotoka, kama mtu yeyote mwangalifu ambavyo angefanya. Na kila walipofunga, bolti ilikwama. Mwishoni Mjomba alimwambia atamlipa nusu iliyobaki siku bunduki itakapokoki. Mzee akakubali. Mjomba alinisimulia kwamba alikubali haraka mno, kama mtu anayejua kosa lake.

Wiki mbili baadaye nilikuwa mezani na bunduki hiyo tena, Mjomba mbele yangu, chemba imekaguliwa. Safari hii, kwa kuchoka tu, sikuitoa mbao. Niliilegeza skrubu ya mbele nusu mzunguko. Bolti ikasogea. Nikailegeza kidogo zaidi. Bolti ikajifunga, taratibu, bila kulazimishwa.

Nilizitoa skrubu zote mbili nikazilaza kwenye meza, kichwa kwa kichwa. Vichwa vilifanana, unene ulifanana. Urefu haukufanana. Moja iliizidi nyingine kwa milimita tano hivi. Ndefu ni ya nyuma, ambako mbao ni nene. Mimi nilikuwa nimeiweka mbele, na ncha yake ilikuwa imepenya mpaka kwenye njia ya bolti, ikiyazuia yale masikio mawili yanayotakiwa kuzunguka na kushika chuma ili bunduki ijifunge. Ile fupi, niliyoiweka nyuma, iling'ata mizunguko miwili mitatu tu. Ndiyo maana kitako kilicheza.

Na jaribio letu zuri? Kila tulipotoa mbao tulitoa pia skrubu. Tulidhani tunabadilisha kitu kimoja, kumbe tulikuwa tunabadilisha viwili, na kile cha pili kilikuwa kimepita mikononi mwangu. Mill hakukosea. Mimi ndiye niliyehesabu vibaya, na niliyekosekana kwenye hesabu ni mimi. Niliorodhesha mbao, chuma, bolti na fundi. Mkono ulioshika bisibisi sikuuweka. Nyani haoni kundule, tunasema, na huwa tunaisema tukimcheka mwenzetu.

Mjomba alikuwa ameinuka kwenda kupokea simu. Nilikuwa na dakika tatu hivi, na nataka kuziandika kwa ukweli, kwa sababu ndizo zilizonifanya niandike haya yote. Ningeweza kubadilisha skrubu, nikafunga, na akirudi nikamwambia, “Mjomba, nimeirekebisha.” Sentensi hiyo ingekuwa kweli tupu. Bunduki ingekoki, Mjomba angekuwa salama porini, fundi angelipwa nusu yake iliyobaki, na mimi ningebaki mpwa msomi aliyeshinda pale ambapo mzee wa watu alishindwa. Nani angeumia?

Hilo si swali la kijinga. Wapo wanaopima tendo kwa matokeo, na kwa mizani yao dakika zile tatu hazina tatizo kubwa. Ukweli wangu ungeongeza nini? Aibu kwangu, hasira kwa Mjomba, usumbufu kwa mzee. Tena kuna kuungama ambako ni ubinafsi mtupu: mtu anautua mzigo wake mlangoni kwa mwingine na kuondoka mwepesi.

Mwaka 1976 Bernard Williams aliandika kuhusu dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote la kwake. Anasema tutamfariji dereva huyo na kumwambia hana hatia, lakini tutamshangaa akikubali upesi mno na kujiona sawa na mpita njia. Aliyekuwa kwenye usukani ana uhusiano na jambo hilo ambao wengine hawana. Mimi nilikuwa kinyume cha dereva huyo. Kosa nilikuwa nalo, na hakuna aliyekufa. Bunduki iligoma mezani, penye chai. Tofauti kati ya meza ile na nyati sikuitengeneza mimi. Niliipewa bure.

Lakini kilichonizuia hakikuwa Williams. Nilijiuliza tu: ni kitu gani hasa kimeharibika? Bunduki, ndiyo, na hiyo ingepona kwa kubadilisha skrubu. Mbao nayo, maana ilikwanguliwa siku mbili kwa kosa lisilo lake, na sasa ilikuwa na nafasi tupu ambazo mwanzoni hazikuwepo. Tulimtibu mzima mpaka akaugua. Kisha kulikuwa na jambo ambalo watu watatu tuliliamini: kwamba yule mzee alikosea. Hilo nalo lilikuwa limefungwa mahali pasipo pake, tena na mimi. Nikirekebisha bunduki na kuliacha hilo, nimetengeneza nusu na kuita nzima. Hata kama ningemlipa mzee kwa siri kutoka mfukoni mwangu, angepokea fedha huku akiendelea kuamini uongo kuhusu mikono yake mwenyewe.

Mjomba aliporudi nilimwonyesha skrubu mbili mezani, nikamwambia nani aliyezibadilisha. Alizitazama muda mrefu. Kisha akasema, “Hela nitatoa mimi. Maneno utayapeleka wewe.”

Nilimkuta mzee amekaa kivulini nje ya karakana. Ndani, kijana wake alikuwa akichonga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Imegoma tena?”

Nikamweleza yote. Hakukasirika, na nadhani ningependa angekasirika. Aliniomba skrubu nilizokuja nazo, akazigusisha kwa vidole bila kuzitazama, akatambua ndefu mara moja. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekiweka kwenye hesabu zangu zozote. Tangu siku zile mbili za kibatari alikuwa ameacha kazi ndogondogo. Patasi nyembamba amempa kijana. “Nilimwambia mama wa watoto kwamba mikono imekwisha,” alisema. “Nilikwangua na kukwangua nisione kosa liko wapi. Nikajua basi, ni uzee.”

Nilimwambia si uzee. Akaitikia, “Sawa,” kwa sauti ya mtu anayempokea mgeni aliyechelewa.

Wiki iliyofuata aliziba zile nafasi kwa gundi ngumu ya kuchanganya, akakataa malipo ya ziada. Mjomba aliikoki bunduki mara ishirini mbele yetu kwa risasi za mazoezi zisizo na baruti, na mara zote ishirini ilikubali. Mzee alitabasamu. Niliangalia kwenye meza yake ya kazi. Patasi nyembamba bado ilikuwa upande wa kijana.