Kura ya Wafu Uwanjani

Tarehe 9 Oktoba 1965, bendi ya gwaride ya Chuo Kikuu cha Ohio State ilipiga uwanjani wimbo uliokuwa ukivuma redioni majira yale, "Hang On Sloopy" wa kundi la The McCoys. Mpangaji muziki kijana, John Tatgenhorst, alikuwa amembembeleza mkurugenzi Charles Spohn hadi akaridhia. Bendi ile ilijulikana kwa machi za kijeshi. Rock ilikuwa muziki wa watoto wa mtaani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1985, bunge la jimbo liliutangaza kuwa wimbo rasmi wa rock wa Ohio. Leo anayetaka uondolewe atajikuta peke yake katika mji mzima wa Columbus, chuo hicho kilipo.

Hapo panazuka swali la falsafa kabla halijawa la muziki. Jambo lililoanza juzi linapata wapi haki ya kuitwa mapokeo? Na kizazi kinachopokea kinadaiwa nini na waliotangulia?

Bendi ya chuo inalikabili swali hili kwa namna isiyopatikana kanisani, msikitini wala kwenye ukoo, kwa sababu haina wazee. Kila baada ya miaka minne au mitano wapigaji wote wameshaondoka. Mwenye umri wa miaka 22 ndiye mkongwe anayewafundisha wageni jinsi ya kuinua goti, kushika tarumbeta na kusimama wima, na mwakani naye hayupo. Yanayoitwa mambo ya kale yamo mikononi mwa vijana watupu, na yanabaki hai kwa sababu tu wao wamekubali kuyarudia.

Pale Ohio State kuna ibada moja ambayo mashabiki huitazama kwa heshima ya karibu na dini. Wapigaji hutembea mmoja nyuma ya mwingine, wakiandika kwa miili yao neno "Ohio" kwa herufi za mkono, huku wakipiga "Le Régiment de Sambre et Meuse", machi ya Kifaransa ya karne ya 19 yenye muziki wa Robert Planquette. Mwisho anatoka mpigaji wa susafoni, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mpigaji mwilini, na kwenda kusimama juu ya herufi "i" kuwa nukta yake. Jambo hili lilifanywa mara ya kwanza tarehe 10 Oktoba 1936, chini ya mkurugenzi Eugene Weigel. Ukilichunguza, utaona lilivyobadilishwa mapema: nukta ya kwanza iliwekwa na mpigaji wa tarumbeta dogo, na mwaka uliofuata Weigel akaamua kwamba susafoni ingependeza zaidi. Wanawake hawakuruhusiwa katika bendi hiyo hadi 1973. Mtu aliyezaliwa mwaka 1990 anaona yote hayo kana kwamba yalikuwepo tangu enzi na enzi.

Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton, katika kitabu chake *Orthodoxy* cha mwaka 1908, alitetea mapokeo kwa hoja ambayo bado ina nguvu. Kwake, kufuata mapokeo ni kuwapa wahenga kura. Ni kukataa kwamba waliobahatika kuwa hai leo ndio pekee wenye haki ya kuamua. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kusukumwa ili aikubali hoja hiyo. Amekulia kwenye jamii ambamo marehemu hutajwa katika kikao cha ukoo kama mtu mwenye neno. Lakini kura ni kura moja. Haiwi turufu ya kuwafunga wengine midomo. Tena inabaki swali ambalo Chesterton hakulichimba vya kutosha: ni wafu gani walioandikishwa kupiga kura hiyo?

Swali hilo lilipasuka Austin mwaka 2020. Wimbo wa Chuo Kikuu cha Texas, "The Eyes of Texas", ulisikika kwa mara ya kwanza mwaka 1903 katika onyesho la minstrel, aina ya tamthilia ambamo Wazungu walijipaka weusi usoni ili kuwadhihaki Wamarekani Weusi. Chuo hicho hakikuwapokea Weusi katika shahada ya kwanza hadi 1956. Baada ya maandamano ya kupinga kifo cha George Floyd, Mmarekani Mweusi aliyeuawa na polisi, wanamichezo waliomba wimbo ubadilishwe, na wapigaji wengi wa bendi wakasema hawataupiga. Uongozi uliamua wimbo ubaki. Ripoti ya kamati ya chuo, iliyotoka Machi 2021, ilikiri chimbuko la onyesho lile lakini ikasema haikuona nia ya ubaguzi katika wimbo wenyewe. Kisha chuo kikatangaza kuwa kitaanzisha bendi nyingine kwa wasiotaka kuupiga.

Suluhisho hilo linasikitisha. Kugawa bendi kuwa mbili ni kuwaondolea watu kazi ya kushawishiana, na kushawishiana ndiko kunakomgeuza mrithi kuwa mrithi wa kweli. Waliotaka wimbo ubaki walikuwa na hoja: maelfu wamezikana nao, wameoana nao, na maana ya wimbo hutengenezwa pia na waimbaji wa baadaye. Waliokataa nao walikuwa na hoja: kura ya mwaka 1903 ilipigwa huku mababu zao wamefungiwa mlango. Kila upande ulistahili kuusikiliza mwingine ukiwa na ala mkononi.

Yapo mapokeo ya aina nyingine kabisa, ambamo upya ni sehemu ya masharti yake. Mwaka 1946 William P. Foster alianza kuijenga bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M, mojawapo ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi. Alipokuwa mwanafunzi Kansas aliambiwa kwamba mtu mweusi hatapata kazi ya kuongoza okestra. Akachukua nidhamu ya gwaride la kijeshi na kuitia dansi, magoti yanayoruka juu, na nyimbo ambazo vijana walizisikia wiki ile ile. Tarehe 14 Julai 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake, bendi hiyo ilipita Champs-Élysées jijini Paris ikicheza muziki wa mwimbaji James Brown. Katika vyuo hivi bendi inayokuja uwanjani na orodha ya mwaka jana imeshindwa kabla ya kupuliza. Kinachorithiwa ni namna: ukali wa mazoezi, uzito wa sauti, ujasiri wa kuugeuza wimbo wa redio uwe wa shaba na ngoma.

Waswahili waliyajua haya mapema. Beni iliyozuka mwambao mwishoni mwa karne ya 19 ilichukua gwaride, sare na vyeo vya majeshi ya Kizungu na kuvifanya ngoma ya mashindano. Vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilitambiana kwa mavazi, kwa hatua na kwa nyimbo za kuwajibu wapinzani, na jibu la msimu uliopita halikumtisha mtu. Upya ulikuwa kanuni ya mchezo.

Hata hivyo, upya una mpaka wake, na mpaka huo huonekana vizuri zaidi kwenye mambo matakatifu. Mwaka 1871 wanafunzi wa Chuo cha Fisk, chuo cha Weusi mjini Nashville, walianza safari za kuimba ili kukichangia chuo chao fedha. Mwanzoni walisita kuziimba hadharani nyimbo za dini za watumwa, kwa kuwa kwa wazazi wao zilikuwa siri ya sala. Walipoziimba, walizipanga kwa sauti za jukwaani, na dunia ikazisikia. Je, walizisaliti? Katika mji huo huo, Februari 2023, bendi ya gwaride ya Chuo Kikuu cha Tennessee State ilipata tuzo ya Grammy kwa albamu ya injili, *The Urban Hymnal*, inayochanganya tenzi za kanisa na midundo ya hip-hop. Haikuwahi kutokea kabla kwa bendi ya gwaride ya chuo. Kusita kwa wale wa 1871 kunafundisha jambo ambalo shangwe za 2023 zisingeweza kulifundisha peke yazo: anayebadilisha wimbo wa mzazi wake anapaswa kwanza kujua ulimgharimu nini mzazi huyo. Akijua, ana ruhusa. Asipojua, hata akiuimba neno kwa neno hajaupokea.

Kipimo hicho ndicho kinachoumbua desturi nyingine zinazojificha nyuma ya jina la mapokeo. Novemba 2011 mwanafunzi mmoja wa bendi ya Florida A&M alikufa baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi katika kile walichokiona kama njia ya kupata heshima. Bendi ilisimamishwa hadi 2013. Mwaka 2014 uchunguzi wa Ohio State nao ulieleza mazoea ya udhalilishaji wa kijinsia miongoni mwa wapigaji wake, na mkurugenzi akaachishwa kazi. Foster hakuuachia ulimwengu ngumi, aliacha sauti. Wafu wa namna yake hawakupigia kura basi lile.

Ohio State ina utaratibu unaofaa kuigwa kwa nyimbo pia. Kila mwaka wapigaji wote hufanya majaribio upya, wakongwe kwa wageni, na anayewekwa akiba anaweza kumshindania mwenzake nafasi yake. Mkongwe anaingia kwenye jaribio akiwa na faida, kwa kuwa ameshajua hatua na miguu yake imezoea nyasi, lakini bado lazima apulize. Mkurugenzi anayepanga programu ya msimu angeweza kuwaketisha wapigaji wake na kuupitia kila wimbo kwa njia hiyo: nani aliuacha, nani aliachwa nje ulipotungwa, nani bado anauhitaji. Wimbo wa zamani uanze na upendeleo ule ule wa mkongwe, na wa redioni upewe nafasi ya kuomba, kama Tatgenhorst alivyoomba mwaka 1965 na Spohn akakubali kusikiliza.