Kucha Nzuri na Pumzi ya Mwenzetu

Liko swali ambalo watu hujibizana mara nyingi: Mtu anunuaye kazi ya mwenziwe kwa fedha yake halali, kwa bei waliyopatana, je, ana deni tena kwake? Wengi hujibu upesi, Hapana. Amekwisha kulipa, mambo yamekwisha. Jibu hili si baya katika mambo mengi. Anunuaye jembe hapaswi kumfuata mhunzi mpaka nyumbani kwake na kuuliza kama amelala vema. Lakini iko kazi moja ambayo, ikitazamwa kwa makini, yalitia jibu hilo mashaka, nayo ni kazi ya kutengeneza kucha na kuzipaka rangi, kama ifanywavyo huko Marekani.

Kazi hiyo huko imeshikwa hasa na wanawake waliotoka nchi za mbali. Katika jiji la New York wamo Wakorea, Wachina, Wanepali na watu wa Amerika ya Kusini. Katika California wengi ni wa Vietnam. Habari ya hao Wavietnam yajulikana asili yake. Mwaka 1975, vita vya nchi yao vilipokwisha, wakimbizi wengi walifika Marekani. Tippi Hedren, mwigizaji wa filamu, aliwatembelea wanawake wa kambi moja karibu na Sacramento, akaona jinsi walivyozipenda kucha zake. Basi akamleta fundi wake awafundishe kazi hiyo wanawake 20. Kutoka hao ikaenea kwa ndugu na jirani. Hatuna neno la kulilaumu tendo hilo. Mgeni asiyejua lugha ya nchi alipata kazi ya kumlisha yeye na watoto wake.

Sasa tutazame yaliyomo chupani. Dawa tatu zimejulikana sana kwa ubaya wake. Ya kwanza ni tolueni, ifanyayo rangi itandae vizuri. Mvuke wake huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu, na mtu akiuvuta kwa muda mrefu hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Ya pili ni formaldehaidi, ikazayo kucha; huchoma macho na koo, tena mwaka 2004 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba yaleta kansa kwa wanadamu. Ya tatu ni dibutili fithaleti, izuiayo rangi isipasuke. Hudhuru uzazi, na Umoja wa Ulaya uliikataza katika vipodozi mwaka 2004. Pamoja na hizo iko asetoni ya kuondolea rangi, na unga wa kucha za bandia, ambao kucha zikipigwa tupa huruka kama vumbi na kuingia mapafuni.

Mwenye kupakwa rangi husema, Mbona mimi nimepakwa miaka mingi wala sijaugua? Asema kweli, lakini ajisemea mwenyewe tu. Tumwaze mteja akaaye saa 1 katika majuma mawili, na mfanyakazi akaaye saa 10 kwa siku, siku 6 kwa juma. Katika majuma hayo mawili mteja amevuta hewa ile saa 1, na mfanyakazi saa 120. Chupa ni moja, meza ni moja, wanashikana mikono wakitazamana. Hata hivyo kilicho harufu kwa huyu ni sumu kwa yule. Kama huyo mfanyakazi ana mimba, wako wawili upande ule wa meza. Twaona hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mara nyingi madhara ya kazi hufichwa mbali, shimoni mwa mgodi au ndani ya kiwanda, na mnunuzi aweza kusema hakuona. Hapa mwenye kudhurika ameushika mkono wa mnunuzi, naye bado haonekani.

Wako wasemao: Hakulazimishwa na mtu; aliitaka kazi mwenyewe, na akiona yamdhuru aiache. Neno hili lingalikuwa na nguvu kama mwanamke huyo angalikijua kile alichokikubali. Kwa miaka mingi sheria ya Marekani iliagiza kwamba kipodozi kiuzwacho madukani kwa watu wa nyumbani kiandikwe vitu vyote vilivyomo. Lakini chupa zilizouzwa kwa mafundi wa saluni peke yao hazikupewa agizo hilo. Angalieni mambo yalivyogeuzwa: aliyejipaka mwenyewe mara moja kwa juma aliweza kusoma, na aliyeishika chupa siku nzima hakupewa cha kusoma. California ilitunga sheria ya kuliondoa kosa hilo mwaka 2018, ikaanza kutumika Julai 2020, na sheria ya nchi nzima ikafuata mwaka 2022. Tena maandishi yenyewe hayakuwa amana siku zote. Mwaka 2012 idara ya California isimamiayo vitu vya sumu ilipima rangi zilizoandikwa kwamba hazina tolueni, ikaikuta tolueni katika nyingi za hizo. Mtu aliyedanganywa hawezi kuhesabiwa kwamba amekubali.

Husemwa pia, Na avae barakoa. Lakini barakoa ya kitambaa au ya karatasi huzuia vumbi, haizuii mvuke. Kinachofaa zaidi ni feni iwekwayo mezani, ivutayo hewa kutoka usoni pa mfanyakazi na kuitoa nje. Kisha chupa zifungwe, pamba zilizotumika zitiwe katika pipa lenye kifuniko, na glovu zivaliwe. Hayo si mambo ya ajabu. Yataka fedha.

Hapo twafika kwa mwenye saluni, wala si haki kumfanya yeye peke yake kuwa mwovu. Mwezi wa Mei 2015 gazeti la New York Times lilichapisha habari za Sarah Maslin Nir juu ya ujira mdogo na maradhi ya wafanyakazi hao, na siku chache baadaye gavana Andrew Cuomo akatoa amri za kuwalinda. Wenye saluni wengi, Wakorea na Wachina, walipinga, wakisema wote wamesingiziwa kwa makosa ya wengine. Wengi wao walikuwa wageni kama wafanyakazi wao, wenye chumba kimoja cha kupanga, nao walishindana kwa bei ya dola 10 hivi kwa mikono miwili. Mwaka 2016 New York ikaagiza feni za kutoa hewa, lakini saluni zilizokuwako zilipewa miaka 5 ya kuzitengeneza. Miaka 5 ilimfaa mwenye kutafuta mkopo. Mwenye mapafu hakuulizwa.

Basi mteja afanye nini? Akiikimbia saluni mbaya, huenda mfanyakazi akakosa chakula jioni ile ile. Akinyamaza, bei ndogo aifurahiayo yalipwa na pumzi ya mwingine. Sisi twaona deni lake halikwishi alipotoa dola zake, kwa sababu bei hiyo haikuwa na sehemu ya feni ndani yake. Mji wa San Francisco ulijaribu njia nyingine mwaka 2010: saluni ziachazo zile dawa tatu na kuwafundisha watu wao zitambuliwe na mji kwa hiari yao, wateja wazijue na kwenda huko. Kwa njia hiyo mfanyakazi hakupoteza kazi, na mwenye saluni alipata faida kwa kutenda haki.

Wala tusidhani habari hii ni ya Marekani tu. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 Umoja wa Ulaya umekataza katika vipodozi dawa iitwayo TPO, ikaushayo rangi ya jeli chini ya taa, kwa ajili ya hofu ya kudhuru uzazi. Jeli na taa zake zimo katika saluni za Dar es Salaam na Nairobi pia, na wasichana wetu huziinamia tangu asubuhi, mara nyingi katika kibanda chenye mlango mmoja.