Bata Ndani ya Enterprise

Ndani ya chombo cha anga kiitwacho Enterprise kuna bata. Si bata wa kuchinjwa sikukuu. Ni bata wa kuchorwa, mdogo, amekaa ndani ya mchoro mkubwa unaoonyesha chombo kizima kikiwa kimepasuliwa ubavuni kama samaki, sitaha kwa sitaha. Mchoro huo ulikuwa ukutani, kwenye chumba cha mitambo, katika mfululizo wa televisheni wa Star Trek: The Next Generation, ulioonyeshwa Marekani kuanzia mwaka 1987 hadi 1994. Mbali na bata kuna panya, kuna gari aina ya Porsche, kuna ndege ya zamani aina ya DC-3. Michael Okuda, aliyesimamia michoro ya chombo hicho, na wenzake walijua fika kwamba televisheni za wakati ule, kwa ukungu zilizokuwa nao, zisingemwonyesha bata huyo kwa mtu yeyote aliyeketi sebuleni kwake. Wakamwacha humo humo.

Sasa, ndugu msomaji, hebu tujiulize. Mzaha ambao watazamaji hawatauona ni mzaha wa nani? Na je, ni haki kuuweka mahali pale, mbele ya watu wote, huku ukijua kwamba wanaocheka ni wachache mliokubaliana?

Usicheke. Najua duniani kuna mambo mazito kuliko bata. Lakini sisi tunaoandika hadithi tunafanya yaleyale kila siku. Mwizi wa kwenye hadithi yako unampa jina la utani la mshkaji wako. Unatia namba ya chumba mlichopanga pamoja. Unachomeka neno moja la kijiweni ambalo watu watano tu chini ya jua watalielewa, halafu hadithi unaipeleka ikasomwe na watu mia mbili. Wale mia moja tisini na watano umewafanyia nini?

Mchezo wenyewe ni wa zamani kuliko huyo bata. Katika Star Trek ya kwanza, ya 1966 hadi 1969, mabomba ya ukutani yaliandikwa herufi nne: GNDN. Mtazamaji aliyeziona alidhani ni lugha ya mainjinia wa karne zijazo. Kumbe mafundi waliotengeneza mandhari walimaanisha, kwa kifupi cha Kiingereza, kwamba bomba hili haliendi popote na wala halifanyi lolote. Nikifikiria hilo huwa nacheka peke yangu. Bomba la uongo, halipitishi hata tone la maji, limeandikwa ukweli wake wote ubavuni, mbele ya mamilioni ya watu, na hakuna anayeusoma. Fundi aliyepaka rangi vitu vya uongo kutwa nzima alistahili walau mahali pamoja pa kusema kweli.

Utetezi wa kwanza ni rahisi: hakuna aliyeibiwa. Anayemjua bata na asiyemjua wote wanaona chombo kikiokoka, wote wanalala wameridhika. Nakubali, na naona hiki ndicho kipimo cha chini kabisa. Ukitoa mzaha na hadithi ikaanguka, basi hukuficha mzaha, umeficha hadithi. Wapo wenzetu wanaofanya hivyo, na ukiwauliza wanakujibu, "Wenyewe wanajua." Wenyewe ni akina nani, bwana?

Lakini kutoibiwa si kila kitu. Mtu akikaa barazani na watu wanaokonyezana, hajapoteza hata senti, na bado ataondoka ameumia. Kwa hiyo utetezi ule hautoshi.

Tazama jinsi kitendawili kinavyochezwa. Anayetega anatangaza kwanza, "Kitendawili!" Mchezo hauanzi mpaka wengine waitikie, "Tega!" Maana yake wamekubali wenyewe kutegwa. Wakishindwa, mtegaji anadai mji. Atapewa Mombasa, atapewa Tabora, atajigamba nao kidogo, kisha ni lazima atoe jibu. Hapo ndipo penye sheria. Hawezi kula mji wa watu halafu akaondoka na jibu mfukoni. Kutojua kuna gharama, ila ni gharama ya mara moja. Kesho yake na wewe utakwenda kuwatega wadogo zako kwa kitendawili hicho hicho.

Fumbo la taarabu ni jambo jingine. Halitangazwi, na lina mtu wake. Shabiki anainuka kwenda kutunza, anapita makusudi mbele ya hasimu wake, na ukumbi mzima unaelewa. Mlengwa anaelewa kuliko wote. Asipoelewa, fumbo limepotea bure.

Bata wa Enterprise hayumo kwenye mojawapo ya hayo. Hakuna aliyeitikia Tega, na hakuna aliyelengwa. Ted Cohen, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika kitabu kizima juu ya mizaha mwaka 1999, na moja ya hoja zake ni kwamba mzaha hutegemea mambo ambayo msemaji na msikilizaji wanayajua wote wawili, na wakicheka pamoja wanakuwa wamekaribiana. Sawa. Lakini mzaha anaouzungumzia una msikilizaji aliyepo. Huu wa kwetu umetiwa chupani ukatupwa baharini, na aliyeutupa hana hakika kama kuna pwani.

Kwa msomaji wa Kiswahili habari hii ina upande mwingine, maana katika Star Trek sisi tuliachiwa ufunguo bila hata kuuomba. Afisa wa mawasiliano wa Enterprise ya kwanza, mwanamke mweusi, aliitwa Uhura. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa amebeba riwaya ya Mmarekani Robert Ruark ya mwaka 1962, inayohusu Kenya ikikaribia kujitawala. Jina la riwaya ni Uhuru. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mfululizo, akalipenda neno hilo, ila likalainishwa mwishoni likawa na a, lipate sura ya jina la kike. Kana kwamba Kiswahili kina maneno ya kike na ya kiume! Na zaidi ya hapo, riwaya yenyewe inaitazama Kenya kwa jicho lililozoea kibaraza cha mlowezi. Hivyo ndivyo neno letu lilivyopaa angani, limetoka kwenye kitabu ambacho hakikutupenda sana, likapindwa mkia, na bado likafika likiwa linasomeka.

Tarehe 8 Septemba 1966, usiku wa kwanza kabisa wa mfululizo huo, lilionyeshwa tukio ambamo kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza anamtokea Uhura kwenye ujia wa chombo akiwa na sura ya kijana mweusi mtanashati, na anamsemesha Kiswahili. Zingatia wakati wenyewe. Kenya ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru, na Wamarekani wamekaa na chakula chao cha jioni wanasikia Kiswahili kutoka anga za mbali. Karibu wote walisikia sauti tu. Mtu mmoja wa Lamu au Ujiji angekuwa sebuleni mle, angesikia maneno.

Je, huo ni mzaha wetu? Nasema hapana, na hapa wapo wenzangu wasiokubaliana nami. Waandishi wale hawakutuwaza sisi. Waliweka Kiswahili kama mpishi anavyotia binzari, kwa ajili ya rangi. Alivyofanyiwa Mkikuyu na Mkalenjini mwaka 1983 katika filamu ya Return of the Jedi ni hivyo hivyo: kiumbe mwenye mashavu ya kuning'inia, rubani msaidizi, anazungumza kwa sauti ya mwanafunzi kutoka Kenya, na lugha za watu wazima wenye akili zao zikauzwa kama makelele ya sayari nyingine. Ukiwa unaijua lugha ile utacheka, tena sana, lakini kicheko hicho kina mfupa ndani yake. Katika ukumbi mzima wewe peke yako unajua kwamba yule dude anasema maneno ya binadamu. Na wewe ndiye ambaye hawakukuwazia kabisa walipokuwa wakitengeneza.

Kwa hiyo nani yuko ndani, nani yuko nje? Kujua kwangu maana ya neno uhuru hakukutokana na akili. Nilizaliwa hapa, basi. Kadhalika aliyemchora bata alikuwa kazini siku ile, na aliyesoma chuo fulani alipita tu kwenye geti lake. Kwa nini basi mjuzi ajione?

Hicho chuo nimekitaja kwa sababu. Katika vipindi vya Star Trek vya miaka ya 1990 namba 47 inarudi mara nyingi kuliko inavyostahili: mlango namba 47, sekunde 47, watu 47. Chanzo ni Joe Menosky, mmoja wa waandishi, aliyehitimu Pomona College huko California, ambako tangu 1964 kuna utani wa kizazi hadi kizazi kwamba 47 hutokea duniani kuliko namba nyingine. Profesa wao wa hisabati, Donald Bentley, alifika hadi kutoa "uthibitisho" wa mzaha kwamba namba zote ni sawa na 47. Menosky akaanza kuichomeka kwenye miswada, wenzake wakaambukizwa, mashabiki wakaigundua na kuanza kuhesabu.

Hapo ndipo pananisumbua. Shabiki akishaambiwa habari ya 47, ataiona kila mahali. Ataiona kwenye mswada ambao mwandishi wake hakuwa na habari yoyote na Pomona. Ile 47 ni mzaha au ni namba tu? Wapo wanaosema mzaha bila anayeutania si mzaha. Mimi naona shabiki aliyeiokota akaionyesha kwa mwenzake, wakacheka, amekwisha kuwa mtani yeye mwenyewe. Mzaha umebadilisha mikono, kama mji unavyobadilisha mikono kwenye kitendawili.

Na kwa kweli mashabiki ndio waliofanya kazi ambayo wafichaji hawakuifanya, yaani kutoa jibu. Mwaka 1967 walikuwa tayari na jarida lao dogo, Spockanalia, la kwanza kushughulika na Star Trek peke yake, linaandikwa na wasomaji kwa ajili ya wasomaji. (Msomaji wa jarida kama hili unajua maana yake: fedha ya mfukoni, na kubembeleza watu wanunue.) Mwaka 1972 wakafanya mkutano mkubwa New York. Watu walikutana humo wakaambizana: umeona hiki? Rudisha nyuma, tazama kona ile.

Wapo wengine, lakini, ambao wameufanya ujuzi kuwa mlinzi wa getini. "Wewe shabiki kweli? Haya, bomba lile limeandikwaje?" Wasichana ndio huulizwa zaidi, na kila mmoja anajua swali halikuulizwa ili lijibiwe. Hao ndio ninaowahesabia kosa, kuliko fundi na bomba lake. Fundi alificha akanyamaza. Huyu anadai mji, anaula, na jibu hatoi. Najua watasema kwamba mzaha ukishaelezwa umekufa. Sikubali. Mimi niliambiwa kuna bata kabla sijamwona, na kuambiwa huko ndiko kulikonifanya nimtafute.

Mwandishi anayejifunza atafaidika zaidi na kisa cha jina la kwanza la Uhura. Katika mfululizo ule wa miaka ya 1960 hakuitwa jina la kwanza hata siku moja. Mwaka 1982 William Rotsler, mtu aliyetokea kwenye majarida ya mashabiki, aliandika kitabu cha wasifu wa wahusika akampa jina Nyota. Mashabiki wakalipokea. Kwa miaka 27 likatembea vitabuni na midomoni mwao bila kutajwa kwenye skrini. Ilipotoka filamu ya mwaka 2009, kijana Kirk anamwomba Uhura jina lake la kwanza, ananyimwa, anaendelea kubahatisha, mpaka anamsikia Spock akimwita kwa jina hilo. Mtazamaji wa kawaida alicheka kwa sababu Kirk amezidiwa kete. Shabiki wa siku nyingi alicheka kwa sababu alikuwa na jibu tangu 1982. Na mtazamaji wa Tanga alicheka kwa sababu mfululizo unaohusu safari za nyotani ulikuwa na nyota wake muda wote, umekaa kwenye redio. Vicheko vitatu kwa neno moja, na hakuna hata kimoja kilichohitaji kumdharau aliyeketi kiti cha pili.

Mwaka 2012 The Next Generation ilianza kutolewa upya kwa picha safi, na watu wakaweza kuusimamisha mchoro wa chumba cha mitambo na kuutazama kwa raha zao. Bata wanamwona. Gari wanaliona. Mle ndani kuna mchoro mwingine pia, wa mtambo uitwao Nomad, na ni shabiki wa ile Star Trek ya kwanza atakayekwambia umetoka wapi. Katika kipindi kilichoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967, Nomad ndiyo iliyofuta akili ya Uhura yote, akawa anafundishwa kusoma upya kama mtoto. Kiingereza kilipomshinda na hasira zikampanda, lugha iliyomtoka kinywani ilikuwa Kiswahili.