Je, Kungoja ni Kazi?

Mara nyingi twaulizwa: Mtu angojaye, je, afanya kazi, au ni mvivu tu? Swali hili si dogo kwa waalimu wa dini, wazazi na wazee wa sharika. Tumeona vema kulijibu kwa mfano wa bustani.

Katika Ulaya, penye milima ya Alpi, ziko bustani za mimea ya mlimani. Mojawapo iko Schachen, kusini mwa Ujerumani, yapata mita 1,850 juu ya bahari. Nyingine zimo mabondeni na mijini, ambako watu hupanga mawe na kokoto ili mimea hiyo ipate mahali kama kwao. Wasomaji wetu wakaao chini ya Kilimanjaro huiona theluji kwa mbali. Huko juu Alpi huifunika mimea miezi mingi.

Ifikapo Februari na Machi, majira ya baridi hukaribia kwisha. Mpita njia hudhani kwamba mtunza bustani wa mjini hana la kufanya, maana haonekani ila udongo na majani makavu. Kumbe kazi yake ni nyingi. Baridi ya usiku huyagandisha maji ya udongoni, nayo yakiganda huvimba na kuiinua miche midogo hata mizizi ikae wazi. Basi yeye huizungukia na kuirudisha chini kwa vidole. Huokota majani yaliyooza. Huongeza kokoto penye mashina, na juu ya mimea mingine huweka kioo, maana mingi haiogopi sana baridi. Yaogopa mvua za majira hayo, ambazo huiozesha.

Lakini liko jambo asilolifanya. Matawi aliyoifunikia mimea hayaondoi kwa pupa siku ya kwanza ya jua. Akiyaondoa upesi, machipukizi mororo huuawa na baridi ya usiku. Akikawia mno, hudhoofika kwa kukosa nuru. Tena mbegu za aina nyingi za jentiana haziharakishwi kwa moto; shuruti zipitie kwanza majuma kadhaa ya baridi udongoni, ndipo ziote.

Kisha hutokea soldanela, ua dogo la zambarau, likiinua kichwa penye theluji iyeyukayo. Tumba lake lilikwisha kufanyika mwaka uliotangulia. Chini ya theluji lilikuwapo, wala hapana jicho lililoliona.

Twajifunza nini? Mithali yasema, Subira yavuta heri. Lakini subira si usingizi. Angojaye kwa haki hufanya yaliyo yake, na yasiyo yake humwachia Mungu. Kuondoa kilichooza ni kwetu. Kuotesha si kwetu. Ndiyo maana ya mfano wa mbegu imeayo yenyewe, katika Marko mlango wa 4.

Labda mtu atasema: Basi kila taabu ni njema, tusimsaidie ateswaye. Sivyo. Mtunza bustani hupambanua baridi iandaayo mbegu na unyevu uozeshao mmea. Ile huivumilia, huu huuzuia. Vivyo hivyo mjane anyamazaye kwa huzuni tusimlazimishe kucheka. Lakini masengenyo yanayomzunguka, na njaa iliyo nyumbani mwake, tusiyaite mapenzi ya Mungu. Hayo ni mvua iozeshayo, nasi tumepewa mikono ya kuizuia.

Tumfikiri pia mwanafunzi wa ubatizo ambaye mwaka mzima hajibu neno. Mwalimu mmoja hulifuta jina lake, akisema, Huyu ni udongo mtupu. Mwingine humharakisha, apate hesabu kubwa ya kupeleka kwa mchungaji. Wa kwanza ameidharau mbegu asiyoiona. Wa pili ameifunua kabla ya wakati wake. Wote wawili wamekosa neno moja, yaani upendo ujuao kuuzuia mkono.

Basi jibu letu ni hili: kungoja ni kazi, tena ni kazi ngumu, kwa kuwa hatuwezi kuwaonyesha watu matunda yake kila jioni. Ndugu waalimu, mzungukieni mwanafunzi huyo tena juma hili. Rudisheni mizizi yake udongoni, okoteni kilichooza, kisha mwacheni mikononi mwa Bwana. Huenda tumba limekwisha kufanyika.