Joho la Askari, Pazia Kuukuu

Mavazi ya igizo la mateso ya Yesu kwa kawaida hushonwa kwa nguo kuukuu. Katika Musienene, kusini mwa Butembo kwenye barabara iendayo Lubero, na katika parokia nyingine za Jimbo Katoliki la Butembo-Beni, si rahisi fundi kuletewa jora jipya Ijumaa Kuu inapokaribia. Huletewa shuka za mitumba, mapazia, kikwembe kilichopauka, pengine koti la marehemu. Humo ndimo wanamopatikana Pilato, Kayafa, askari wa Roma na Yesu mwenyewe. Ni kazi ya watu wasio na fedha, lakini inagusa swali zito: nguo ikigeuzwa nyingine, hubaki na nini cha maisha yake ya kwanza?

Fundi hulijua swali hilo kwa vidole. Anapofumua mishono kwa wembe, chini ya pindo hukuta rangi ikiwa kama siku nguo iliponunuliwa. Mfuko ukibanduliwa huacha umbo lake, mraba mweusi kidogo kuliko kitambaa kinachouzunguka. Matundu ya sindano hubaki yamejipanga mstari, na pasi ya makaa haiyazibi.

Wayunani walibishana kuhusu meli ya Theseus: mbao zake zote zikibadilishwa moja baada ya nyingine, je, ni meli ile ile? Kwa fundi swali limepinduka, maana nyuzi ni zile zile, ila umbo na jina vimeondoka. Aristotle alifundisha kwamba umbo ndilo hukifanya kitu kiwe kilivyo. Basi pazia limekwisha, sasa kuna joho. Kwa pazia jibu hilo latosha. Kwa koti la baba aliyefariki halitoshi hata kidogo.

Mtakatifu Augustino aliligusa jambo hilo katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, kazi aliyoianza mwaka 413. Vazi la baba na pete yake, asema, huwa na thamani kwa watoto kadiri walivyompenda. Sembuse mwili wake. Karne nane baadaye Tomaso wa Akwino aliitumia hoja hiyo kutetea heshima kwa masalia ya watakatifu. Na katika Matendo ya Mitume, wajane wa Yopa wanamwonyesha Petro, huku wakilia, kanzu na nguo alizowashonea Dorkasi alipokuwa hai. Kinacholiliwa pale si kitambaa. Kwa hiyo familia inayotoa koti la marehemu iambiwe waziwazi kwamba litakatwa, na iambiwe kabla mkasi haujaingia.

Sakristia ina nguo za aina nyingine. Kasula ya Kwaresima iliyotoboka, vazi la juu la padre, la zambarau na lenye utepe wa dhahabu, ingemfaa sana Kayafa. Lakini kanuni ya 1171 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka vitu vilivyobarikiwa kwa ajili ya ibada vitendewe kwa heshima, visiingizwe katika matumizi ya kawaida wala yasiyofaa, hata vikiwa mali ya mtu binafsi. Desturi ya zamani ni kuichoma kasula iliyochakaa na kuyazika majivu. Nyuzi zake hazina nguvu ya ajabu. Zilitengwa tu, na mkasi wa fundi hauna mamlaka ya kuutengua utengo huo.

Lipo pia neno la Yesu kuhusu kiraka kipya kwenye vazi kuukuu. Mafundi hulithibitisha kila wiki: kitambaa kipya hujikunja kikifuliwa na kulichana vazi. Kuukuu kwa kuukuu hushikana vizuri, kwa sababu vyote viwili vimekwisha kujikunja.

Jambo lenye uzito kuliko yote limo katika Injili zenyewe. Marko na Yohane wanasema Yesu alivikwa zambarau, rangi ya wafalme. Mathayo anasema ni joho jekundu, na neno la Kiyunani analotumia, klamisi, ndilo lililotumika kwa joho la askari. Yaelekea mmoja wa askari alilitoa lake, likafanywa vazi la mfalme ili Yesu adhihakiwe. Kama ndivyo, joho la Ijumaa Kuu ya kwanza lilikuwa nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, ikapewa maana mpya kwa ukatili. Musienene kazi ni hiyo hiyo, ila mkono ni wa upendo. Pazia jekundu lililofifia liko karibu na tukio lile kuliko hariri mpya ya zambarau.

Kanzu ya ndani ya Yesu ndiyo inayomshinda fundi. Yohane anaandika kwamba haikuwa na mshono, ilifumwa nzima tangu juu, na kwa hiyo askari waliipigia kura badala ya kuipasua. Ili kuiiga, shuka pana hukunjwa sehemu mbili, mkunjo ukakaa mabegani, tundu la shingo likakatwa katikati. Mabega hayashonwi. Mbavuni hapana njia ila kushona, kwa uzi wa rangi ile ile, na mshono ukageuziwa ndani.