Faida Yake Nini?

Wasomaji wa jarida letu, naanza na kosa langu mwenyewe, ili mjue kwamba anayeandika hapa hajakaa juu ya mtu yeyote.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana hapa Kakuma. Kazi yangu ni mipira, mikutano, kusuluhisha ugomvi, na fomu. Fomu ndizo nyingi. Likija tangazo la mafunzo au vifaa, fomu huja kwa Kiingereza, na vijana wanakuja kwangu: "Kaka, nijazie." Wao wanasema kwa Kiswahili, mimi naandika kwa Kiingereza. Wananiamini kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na kwa sababu siombi kitu.

Siku moja akaja kijana wa miaka 19, fundi wa bodaboda. Simtaji jina, yeye mwenyewe ameniomba hivyo. Ilikuwa nafasi ya kupata boksi la vifaa vya ufundi. Tukafika swali linalouliza utafanya nini na vifaa na jamii itapata faida gani. Akanijibu bila kufikiri mara mbili: "Nina injini ya Boxer iliyokufa, mzee wa gereji amenipa. Nataka kuipanua ifike sisi 177, halafu nione itakimbia kiasi gani."

Nikamwuliza, "Halafu?"

"Halafu nitajua."

Nilicheka kidogo. Halafu nikaandika kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba anataka kufungua gereji na kuwafundisha kazi vijana watano wasio na ajira. Sikumwambia. Nilijiona nimemsaidia.

Fomu ilipita. Akaitwa kwenye mahojiano. Wakamwuliza hao vijana watano ni nani na gereji itakaa wapi. Akashangaa, akasema hajui habari hiyo, yeye anataka kupanua injini. Wakamwonyesha karatasi yenye sahihi yake. Jina lake likatolewa, na mimi siwalaumu, wao walisoma kilichoandikwa. Jioni alinikuta kwenye uwanja wa mpira. Hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, uliandika mtu mwingine."

Tangu siku hiyo nina swali ambalo halinitoki. Je, mtu anayekula kwa mgao ana haki ya kutaka kitu kisicho na faida kwa yeyote? Na kama anacho, sisi wengine tuna haki ya kukificha kwa ajili ya kumsaidia?

Kwanza nieleze anachokitaka, maana mimi nilikicheka bila kukijua. Mafundi wetu hawasemi ukubwa wa injini, wanasema sisi. Pikipiki ya sisi 125, ya sisi 150. Mgeni anaweza kudhani tunahesabu watu. Hizo sisi ni nafasi ambayo pistoni inapita ndani ya silinda, ikipimwa kwa sentimita za ujazo. Baadaye kijana alinifungulia daftari lake, nikaona hesabu iliyonitesa shuleni. Silinda ya Boxer 150 ina upana wa milimita 56, na pistoni inasafiri milimita 58.8. Ukizidisha unapata sisi 144.8. Upana ukifika milimita 62, safari ikibaki ileile, unapata 177.5. Huyu kijana aliacha shule darasa la saba. Hesabu ya ujazo wa silinda alijifundisha mwenyewe kwa sababu alikuwa na hamu ya kujua.

Na hakuishia hapo. Kila ukurasa una tatizo moja. Ukichonga silinda, ukuta wake unakuwa mwembamba na joto linaongezeka, kwa hiyo bomba la ndani inabidi libadilishwe. Hewa inayobanwa inazidi, na petroli yetu ya chupa itagonga. Kabureta ya zamani haitatosha kulisha. Klachi itateleza. Hewa ya moto ya Turkana ni nyepesi, inapunguza nguvu. Yaani ukitaka kuongeza kitu kimoja, lazima uulize vingine vyote kama vitavumilia. Ni watu wangapi katika kamati zetu wanapanga namna hiyo?

Mbele ya daftari ameandika jina la Burt Munro. Alimjua kupitia filamu ya mwaka 2005 aliyoiona kwenye simu. Munro alizaliwa mwaka 1899 upande wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Mwaka 1920 alinunua pikipiki ya Kimarekani aina ya Indian Scout, ya sisi 600, iliyotoka kiwandani ikiweza kama kilomita 89 kwa saa. Akaanza kuibadilisha, na hakuacha kwa zaidi ya miaka 40. Hakuwa na kiwanda. Pistoni alizimwaga mwenyewe ndani ya makopo ya zamani. Mabomba ya gesi yalikuwa silinda. Spoku ya tairi ilikuwa kipimo chake. Vipuri vilivyopasuka aliviweka kwenye rafu akaviita sadaka kwa mungu wa mwendo.

Mwaka 1962, akiwa na miaka 63, aliipeleka Marekani, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah. Injini ilikuwa imefika sisi 850, akaweka rekodi ya daraja lake, kama kilomita 288 kwa saa. Mwaka 1966 alirudi na sisi 920, akapata rekodi ya daraja kubwa zaidi lakini kwa kilomita 270. Angalieni hapo: injini kubwa zaidi, mwendo mdogo zaidi. Hakusema basi. Mwaka uliofuata alikuja na sisi 950, akapiga kilomita 295. Alikuwa na miaka 68.

Sasa niseme ukweli, Munro si mkimbizi. Alikuwa na pasipoti, alipanda meli alipotaka. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, kuna Chalbi, jangwa tambarare lenye chumvi, kitanda cha ziwa lililokauka zamani. Kijana wetu amelichora kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Kufika huko anahitaji kibali cha kutoka kambini, na kibali kinauliza sababu ya safari. Ataandika nini? Kwa hiyo simtumii Munro kusema kwamba ukitaka utaweza. Hapa tunawajua wengi waliotaka. Namtumia kwa sababu katika miaka ile yote, swali la faida yake nini halikuwa na jibu kwake pia, na hakuna aliyembadilishia jibu.

Nilimpelekea mama yangu swali hili. Akasema, "Mwanangu, chakula kwanza. Bamba Chakula ikipungua, utakula pistoni?" Ana haki. Mtu mwenye watoto wanaolia njaa akinunua kabureta, tutamlaumu na tutakuwa sawa. Lakini nilitazama mlangoni kwetu. Kuna mkebe wa mafuta ya mgao, na ndani yake mama amepanda maua mekundu. Anayanyweshea maji aliyooshea vyombo, maji aliyoyapangia foleni. Nikamwuliza, "Mama, haya maua tunakula lini?" Alinyamaza, halafu akasema, "Hayo yananionyesha kwamba hapa ni kwangu." Hakuna fomu iliyowahi kumpa maua yale, na hakuna iliyowahi kumwuliza habari zake.

Wapo watakaosema mwendo unaua. Kweli, tumezika. Lakini wanaokimbia ovyo barabarani mbele ya watoto wa shule hawana daftari. Huyu ameandika kwamba hatajaribu popote penye watu, na kwamba bila kofia nzuri hapandi. Amejifunza kuogopa kwa sababu anajua kila sehemu inayoweza kupasuka.

Pingamizi gumu zaidi ni hili: pesa si yake. Mfadhili ametoa pesa kwa ajili ya ajira, kwa hiyo ana haki ya kuchagua gereji badala ya injini ya mbio. Nimeligeuza sana na ninakubali. Wana haki ya kumkatalia. Ningekuwa mimi kwenye meza ile, pengine ningemkatalia pia, maana kuna mjane anayeomba cherehani na boksi ni moja.

Lakini kukataliwa ni jambo moja, kubadilishwa ni jingine. Wangemkatalia kwa maneno yake mwenyewe, angerudi nyumbani akiwa na hasira lakini akiwa yeye. Mimi nilimwondoa kabla hawajamwona. Niliogopa kwamba ukweli wake hautoshi, nikauvisha nguo za watu. Huo haukuwa msaada. Nilimwambia, bila kufungua mdomo, kwamba mtu kama yeye haruhusiwi kutaka hivyo.

Ndugu zetu mnaofanya kazi na mashirika, hapa nawasemesha ninyi. Tumejifunza lugha yenu ya fomu vizuri mno. Tunajua maneno yanayopita. Mwaka ule ule mgeni mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, mimi binafsi ninataka nini maishani. Nikajibu, "Kuwawezesha vijana." Alipoondoka nilikaa kwenye kiti nikatafuta jibu langu la kweli, na halikuja upesi. Miaka ya kuandika kitakachopita ilikuwa imelifunika. Mkiuliza faida, ulizeni pia mtu anapenda nini, hata kama hamna pesa ya kumpa. Na jibu likija la ajabu, liacheni lilivyo.

Na sisi wakaazi, hasa tunaojaza fomu za wenzetu, tuchunge mikono yetu. Mtafsiri ameshika mdomo wa mtu.

Kuna jambo moja katika habari za mbio hizi nalipenda kuliko mengine. Rekodi haiandikwi kwa safari ya kwenda tu. Unakwenda, unageuka, unarudi njia ileile, halafu wanachukua wastani. Sababu ni upepo: uliokusukuma wakati wa kwenda utakupiga kifuani wakati wa kurudi. Mwaka 1967 Munro alipita upande mmoja kwa zaidi ya kilomita 305 kwa saa, lakini hiyo haikuandikwa kuwa rekodi. Na wastani wake ulioandikwa ulikuwa na kosa dogo la hesabu. Mwanawe aliligundua, na mwaka 2014 rekodi ikasahihishwa, ikaongezeka chini ya kilomita moja. Munro alikuwa amefariki tangu 1978. Faida yake nini? Hakuna aliyeshiba. Ila namba iliyoandikwa kwa jina la baba ilikuwa si yake, na mtoto alitaka iwe yake.

Basi na mimi niligeuka nikarudi. Nilikwenda ofisini nikaeleza kwamba uongo ule ulikuwa wa mkono wangu, si wa kijana. Hawakufurahi. Nafasi ilikuwa imekwisha, lakini waliandika maelezo kwenye faili lake ili lisimharibie mbele. Kisha nikamwendea gereji. Nilisema samahani mbele ya mzee wake. Akapangusa mikono, akanionyesha pistoni aliyoipata, imetumika, ina mikwaruzo, milimita 62 kamili.

Ikitokea fomu nyingine, tumekubaliana: yeye anasema, mimi naandika, halafu namsomea kila neno kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi. Wakikataa, wakatae.

Injini bado haijawaka. Yuko ukurasa wa klachi.