Silka, Mazowea na Michezo ya Vidio kwa Wanafunzi wa Vyuo



Miaka michache iliyopita alinijia nyumbani bwana mmoja, ambaye baba yake na baba yangu walisoma pamoja, akiwa amefuatana na mkewe na mtoto wao wa kiume. Kijana alikuwa amerudi Maskati kwa likizo kutoka Uingereza, ambako alikuwa mwaka wa pili akisomea uhandisi, na katika mitihani ya mwaka huo alikuwa ameanguka masomo matatu. Sababu yake ilijulikana, wala hakuna aliyeikanusha. Usiku kucha alikuwa akicheza michezo ya vidio, akilala karibu na Alfajiri, mara nyingi kabla ya kuiswali, na kuamka wakati madarasa ya asubuhi yamekwisha kusomeshwa.

Baba alitaka kumkatia masurufu na kumrejesha nyumbani. Mama akasema: "Sheikh, mwanangu huyu tangu mdogo ni mkimya, hapendi watu. Ndivyo alivyoumbwa." Kijana mwenyewe alipoulizwa aliinamisha kichwa, akasema: "Babu, mimi silka yangu ndiyo hii. Nimejaribu kuacha, nafsi haikubali." Basi wakataka niwahukumu, kana kwamba bado nimekaa mahakamani.

Sikuwapa jawabu siku ile. Neno la kijana lilinishughulisha kuliko yale masomo matatu, kwani ni neno la zamani sana, limevaa nguo mpya. Ndilo neno la Majabria, waliodai kuwa mja ni mfano wa unyoya unaopeperushwa na upepo, hana lake jambo. Wanazuoni wetu wa Kiibadhi walilikataa neno hilo. Walifundisha kuwa Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa vitendo, na mja ndiye mwenye kuvichuma, na kwa kule kuchuma kwake ndiko atakakoulizwa. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, naye aliwajibu waliosema kuwa tabia haibadiliki. Hoja yake ni kuwa lau ingekuwa hivyo, basi mawaidha na malezi yote yangekuwa ni kazi bure, na hali tunawaona hata wanyama wakifunzwa wakazoea. Sheikh wetu Ismail bin Musa Al-Jaytali wa Jabal Nafusa, katika karne ya 8 Hijria, alishika njia hiyo hiyo katika kitabu chake Qanatir al-Khayrat, ya kuitazama nafsi kuwa ni kitu chenye maradhi na chenye dawa.

Kwa hiyo kwa upande wa kanuni jawabu lilikuwa tayari. Lakini kadhi hahukumu kwa kanuni peke yake bila ya kuyatazama mambo yalivyotokea, na mimi katika mambo ya michezo hii nilikuwa sijui kitu. Ninaye mjukuu wa kike anayesomesha elimu ya nafsi, nikamwita anieleweshe, na nimefaidika naye sana. (Wako wazee wenzangu wanaoona haya kujifunza kutoka kwa wajukuu wao. Kwa hakika wanajinyima.)

Alinieleza kuwa wataalamu wa siku hizi huipima tabia ya mtu kwa mambo matano: uwazi wake wa fikra, kushika kwake mambo kwa nidhamu, uchangamfu wake kwa watu, upole wake wa kuridhiana na wenziwe, na wepesi wake wa kuingiwa na wasiwasi na huzuni. Walipowachunguza wachezaji wa michezo ya vidio, wanafunzi wa vyuo vikuu wakiwamo, jambo lililojitokeza mara kwa mara ni kuwa wale ambao michezo imewashinda nguvu, aghlabu nidhamu yao ni chache na wasiwasi wao ni mwingi kuliko wenzao. Ama mtu anayecheza tu, hata akicheza sana, hatafautiani na watu wengine kwa kiasi hicho. Tena uhusiano huu si mkubwa, na wachunguzi wengi huwapima watu mara moja tu, kwa hiyo hawawezi kusema kwa yakini kama wasiwasi ndio uliomvuta kijana kwenye mchezo, au mchezo na kukosa usingizi ndivyo vilivyomtia wasiwasi.

Nikamwuliza: "Basi silka ipo?" Akanijibu: "Ipo, Babu, lakini ni mteremko, si shimo." Nililipenda jawabu lake.

Kisha akanitajia Mwingereza aitwaye Richard Bartle, ambaye mwaka 1996 aliwagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta ushindi na vyeo, wanaotafuta kuvumbua yaliyofichika, wanaotafuta suhuba ya watu, na wanaostarehe kwa kuwaonea wenzao. Kijana aliponijia mara ya pili, safari hii peke yake, nilimsomea mafungu hayo nikamwuliza yeye ni wa fungu lipi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "La tatu, Babu. Suhuba."

Hapo nikafahamu kuwa mama yake, pamoja na mapenzi yake yote, alikuwa hamjui mwanawe. Alimwita mtu asiyependa watu, kumbe usiku kucha alikuwa akiwatafuta watu. Akanieleza hali yake ilivyo. Mji anaosoma ni wa baridi, na mwezi wa Disemba jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri. Darasani hana rafiki wa kumwendea, na wenziwe wengi wakitoka huenda ulevini, mahali ambapo yeye, alhamdulillahi, hakutia mguu. Msikiti uko mwendo wa basi mbili. Lakini akifungua mashine yake huwakuta binamu zake wa Maskati, ambao saa yao iko mbele yake kwa saa 4 wakati wa baridi, na hao wakenda kulala huja vijana wengine wa Mombasa na wa London, na hao wakichoka huamka wa Marekani. Wanacheza na huku wanazungumza, Kiswahili na Kiarabu vikichanganyika. "Ndipo mahali pekee, Babu, ninapoitwa kwa jina la nyumbani."

Ndugu zangu wazazi mlioko ughaibuni, nataka mlitie maanani neno hilo. Kijana huyu alikuwa amejipatia baraza. Sisi kwetu Unguja tulikuwa na baraza zetu, na humo tukicheza bao, karata na keram, wala hatukuwa malaika. Tafauti ni kuwa baraza yetu ilikuwa na mwisho. Muadhini akiadhini, mchezo huvunjika. Taa ikiisha mafuta, watu hutawanyika. Mwenye nyumba akikohoa dirishani, kila mmoja hutafuta viatu vyake. Baraza hii mpya haina muadhini wala mwenye nyumba, na walioijenga wamefanya kusudi isiishe, kwani kila mtu anapokaa zaidi ndipo wao wanapochuma zaidi.

Tena wamezidisha. Katika baadhi ya michezo huuzwa visanduku ambavyo mnunuzi hajui ndani yake mna nini mpaka amekwisha kulipa. Serikali ya Ubelgiji, ambayo haikuwa ikitafuta fatwa kwetu, mwaka 2018 iliamua kuwa visanduku vya namna hiyo katika michezo kadhaa ni kamari kwa sheria yao. Kwetu sisi gharari imo na maisiri imo, na sioni haja ya maneno mengi. Nilimwuliza kijana kama amepata kununua. Akasema mara mbili, kwa fedha za chakula alizopelekewa na baba yake. Nikamwambia hilo ni deni, na halihusiani na silka hata kidogo.

Narudi kwenye elimu ya mjukuu wangu, kwani aliniletea habari moja ambayo ndiyo iliyokata shauri. Huko Marekani, katika jimbo la Kentucky, kipo chuo kiitwacho Berea, kilichoasisiwa mwaka 1855, ambacho wanafunzi wake hawalipi ada na wote hufanya kazi chuoni. Wachunguzi wawili, Ralph Stinebrickner na Todd Stinebrickner, waliwatazama wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliogawiwa vyumba kwa bahati tu, mtu asimchague mwenziwe. Baadhi yao walijikuta wanakaa na mwenzao aliyekuja na mashine ya michezo ya vidio, na wengine la. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008, ni kuwa wale waliopangiwa mwenye mashine walisoma pungufu kwa kiasi cha dakika 40 kila siku, na maksi zao za muhula wa kwanza zikashuka kwa karibu robo ya alama katika kipimo cha alama 4.

Enyi wenye akili, zingatieni. Hawa hawakuletewa mashine na silka yao. Waliletewa na kitanda cha pili. Mwenye nidhamu na asiye na nidhamu waligawiwa kwa bahati ile ile, na bado chumba kikafanya kazi yake. Wazee wetu walituusia kumtafuta jirani kabla ya nyumba, lakini sisi tunapowapeleka watoto ng'ambo huuliza daraja ya chuo, ada na umashuhuri wa cheti, wala hatuulizi atalala na nani.

Habari hii ilinikumbusha mambo yangu mwenyewe, nami siyafichi. Nilipokuwa na umri wa miaka 13 keram ilinitawala hata darsa ya baada ya Isha nikawa siiwahi. Mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakunichapa, wala hakuniuliza tabia yangu ni ya namna gani. Alimwendea baba akamwomba nilale nyumbani kwake, ambako ukuta wake na ukuta wa msikiti ulikuwa mmoja. Nilikaa huko miezi saba. Silka yangu ya kupenda mchezo sikuiacha, ninayo mpaka leo na uzee huu, lakini njia ya kwendea keram ilikuwa ndefu, na ya kwendea darsa ilikuwa fupi.

Sisemi kuwa michezo hii ni haramu kwa jina lake. Kilicho mubaha hubaki mubaha mpaka kimbebe mtu kwenye kuacha wajibu au kuingia katika lililokatazwa. Wala sisemi kuwa kijana ni peke yake. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa asilimia 70 ya wanafunzi wa vyuo walikuwa wakicheza, walau mara moja moja, na karibu nusu ya wachezaji walikiri kuwa michezo inawazuia kusoma, kidogo au sana. Shirika la Afya Duniani nalo limeiingiza hali ya kushindwa na michezo hii katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kama kadhi nilipendezwa kuona kuwa hawakuhesabu saa. Wametazama mambo matatu: mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha yake, na kuendelea nao hali madhara anayaona, tena mambo hayo yaendelee, kwa kawaida, muda wa miezi 12. Nilimwambia kijana kuwa akiyaona yote matatu nafsini mwake amwendee daktari bila ya kuona haya, kwani mgonjwa ana udhuru katika maradhi, hana udhuru katika kukataa dawa.

Kuna waliojaribu kuitumia sheria. Korea ya Kusini mwaka 2011 iliwakataza walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandao kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha ikaiondoa sheria hiyo kuanzia mwaka 2022. Kwa vyovyote haikumhusu mwanafunzi wa chuo kikuu, mtu aliyekwisha baleghe na kukalifishwa zamani.

Walipokuja mara ya tatu niliwapa jawabu langu. Nilimwambia kijana: "Mjukuu wangu, hulaumiwi kwa kuwa mpweke, wala kwa kuwa na nafsi inayoelemea mchezo. Utaulizwa kwa Swala ulizozipitisha huku unajua, kwa fedha ya chakula, na kwa kubaki katika chumba kile baada ya kukwisha fahamu kinakufanya nini." Nilimwambia mama asimpe tena mwanawe udhuru ambao mwenyewe hajauomba. Baba nilimwambia asikate masurufu wala asimrejeshe, bali asafiri naye, akae huko wiki mbili, amtafutie nyumba ya kukaa na Waislamu wenziwe karibu na msikiti, japokuwa kodi yake ni kubwa zaidi. Alikasirika. Alisema yeye alisoma Cairo katika chumba cha watu sita na hakuna aliyemtafutia jirani. Nikamwuliza hao watano wengine walikuwa nani, akaanza kuwataja mmoja mmoja, na alipofika wa nne akanyamaza.

Alisafiri naye. Kijana alihamia nyumba moja na wanafunzi watatu, wawili kutoka Tanzania na mmoja Mualjeria, na mashine yake ikawekwa sebuleni, mahali pa wote. Masomo mawili aliyafaulu aliporudia, na la tatu ilimbidi alirudie tena. Deni la fedha ya chakula alilipa kwa kufanya kazi wakati wa kiangazi. Bado anacheza na binamu zake usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, na mama yake husema bado ni mkimya. Baba yake hukutana nami msikitini, na mpaka leo huniambia kuwa nilimhukumu yeye badala ya mwanawe.